Vuli Yetu Si Vuli ya Vitabu: Kuwafundisha Watoto Maumbile Nyumbani



Wapendwa wasomaji, safari hii tunapenda kuzungumza na wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani, na pia na walimu wa Utoto Mtakatifu na mafrateri wenzetu wanaokwenda utume kila wiki. Mada yenyewe ni ndogo kwa kuitazama: namna ya kumfundisha mtoto kuangalia viumbe na majira katika nchi ya joto kama yetu. Lakini ndani yake limo swali linalogusa falsafa tunayoisoma darasani na imani tunayoikiri kanisani. Je, mtoto anazoezwa kuanza na kitu kilichopo mbele ya macho yake, au anazoezwa kuanza na maneno aliyoyasikia juu ya kitu hicho?

Hapa Tanzania familia zinazofundisha nyumbani si nyingi. Nyingine hufanya hivyo kwa sababu kazi ya baba inaihamisha nyumba nzima kila mwaka, nyingine kwa sababu mtoto anaumwa au shule iko mbali. Lakini mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni kwa sababu ya korona, karibu kila sebule iligeuka darasa, na wazazi wengi walionja kazi hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Basi hata mzazi ambaye mwanawe anavaa sare kila asubuhi asidhani kwamba makala hii haimhusu.

Majani mekundu ya mwezi wa kumi

Katika utume wetu wa Jumamosi, chini ya milima ya Uluguru, tunafahamiana na mama mmoja anayewafundisha watoto wake watatu nyumbani. Siku moja alituuliza: "Frateri, kitabu kinasema mwezi wa kumi watoto waokote majani mekundu ya vuli wayabandike daftarini. Sasa mimi hayo majani nitayatoa wapi?" Watoto walikuwa wameshanakili picha ya kitabuni, jani la mti ambao hawajawahi kuuona na pengine hawatauona. Na nje ya dirisha, hatua kumi hivi, palikuwa na mwembe uliojaa majani mekundu.

Kila aliyekulia kwenye miembe anajua: jani la mwembe likiwa changa huwa jekundu au rangi ya shaba, limelegea kama kitambaa, kisha linakuwa kijani linapokomaa. Kwa hiyo majani mekundu yapo. Ila kitabu kinasema jani jekundu ni jani linalokufa, na mwembe unasema jani jekundu ni jani linalozaliwa. Mtoto aliyekwisha kuamini kitabu atapita chini ya mwembe asione kitu.

Vitabu hivi vimetoka mbali. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyeishi kati ya mwaka 1842 na 1923, ndiye aliyewahimiza sana wazazi wawatoe watoto nje kwa saa nyingi, na kila mtoto awe na daftari lake la maumbile. Mmarekani Anna Botsford Comstock, wa Chuo Kikuu cha Cornell, alitoa mwaka 1911 kitabu kinene cha kuwasaidia walimu wa jimbo la New York, na hadi leo kinatumika. Hatuna neno baya kwao. Mason hasa alishika jambo ambalo Mtakatifu Tomaso wa Akwino asingelikataa: mtoto akutane na kitu chenyewe kabla ya kukutana na maelezo yake. Lakini ukilichukua daftari la mtu wa New York ukalifuata mwezi kwa mwezi ukiwa Morogoro, unaivunja kanuni yake huku ukidhani unaitii.

Na Kiswahili chetu kimechangia mkanganyiko. Wafasiri walipotafuta neno la majira ambayo huko Ulaya majani hugeuka rangi na kuanguka, wengi walichukua neno "vuli". Lakini vuli ni mvua zetu fupi, za kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati ardhi iliyokauka inapopata unyevu na majani yanapochipua. Ni kinyume chake kabisa! Mtoto anasoma kwamba "wakati wa vuli miti hupukutika", kisha anachungulia nje anakuta kila kitu kinaota. Afanye nini? Mtoto mtiifu atalisadiki neno na kuyadharau macho yake, na hapo ndipo hasara ilipo. Ushauri wetu kwa wazazi: majira ya Ulaya yaelezeni kwa maneno marefu, "majira ya kupukutika majani", na neno vuli libakie kwenye mvua zake. Kwa wenzetu wa Dodoma, Mbeya au Songea, ambako mvua ni ya msimu mmoja, hata vuli na masika havitengani waziwazi. Nao waandike kalenda ya kwao.

Wapo wanaosema nchi za joto hazina majira. Aliyewahi kuvumbika mahindi mavumbini akiingoja mvua hawezi kusema hivyo. Majira yetu hayaji kwa baridi, yanakuja kwa maji, na miti inayajua. Mbuyu unasimama bila jani hata moja kiangazi chote. Ipo aina ya mgunga ambayo wataalamu huiita Faidherbia albida, yenyewe hufanya kinyume cha mingine: mvua zikinyesha inadondosha majani, kiangazi kikali inavaa kijani, na mifugo hula maganda yake wakati hakuna malisho. Mti tunaouita mkrismasi, uliotoka Madagascar, unawaka maua mekundu karibu na Noeli. Mtoto akichagua mti mmoja tu wa jirani, akautembelea kila Jumapili baada ya Misa na kuuchora kwa mwaka mzima, atakuwa na kalenda ya kwao ambayo hakuna duka la vitabu linaloiuza.

Tuongeze kivuli, maana hili ndilo somo ambalo watu wa Ulaya hawawezi kulipata nyumbani kwao. Simika kijiti wima mahali pa wazi, uweke jiwe pale kivuli kinapokuwa kifupi kuliko wakati wote wa siku. Hapa Morogoro hilo halitokei saa sita kamili, bali kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo, kutegemea mwezi, kwa kuwa saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki yetu, baharini. Rudia kila wiki. Mwezi wa sita jua la mchana linapita upande wa kaskazini na kivuli kinaelekea milimani, kusini; mwezi wa kumi na mbili kivuli kinaigeukia kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu na tarehe 10 au 11 Oktoba, jua linapita juu ya utosi na kijiti karibu kinakosa kivuli. Kitabu cha Uingereza kinachosema jua la mchana liko kusini siku zote hakidanganyi. Kinasema ya kwao.

Jikoni nako

Katika kitabu chake juu ya sehemu za wanyama, Aristotle anawaonya wanafunzi wasichukie kitoto kuwachunguza viumbe wanyonge, na anakumbusha kisa cha Heraclitus: wageni walifika kumwona, wakasita mlangoni walipomkuta anaota moto jikoni, naye akawakaribisha waingie, maana hata mle miungu imo. Sisi Wakristo hatusemi miungu, lakini tunaielewa hoja. Mahali pa kuanzia somo la maumbile si lazima pawe Mikumi. Nauli ya Mikumi wengi hatuna.

Chukua kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, jioni wanatoka ardhini kwa maelfu na kuzonga taa. Watu huweka beseni la maji chini ya taa, wanakusanya, wanakaanga. Ni kitoweo kitamu na hatuwashauri kukiacha. Tunaomba tu kwamba kabla ya kikaango kushika moto, wachache wawekwe kwenye sahani mbele ya watoto. Waone mabawa manne yanavyodondoka kirahisi, kana kwamba yaliazimwa kwa safari moja. Waone dume linavyomfuata jike nyuma nyuma bila kumwacha. Wawili hao wakisalimika na kuku, vyura na sisi, wanachimba shimo na kuanzisha kichuguu kipya. Jike anakuwa malkia anayetaga kwa miaka mingi. Kisha waambie watoto kwamba mchwa, ingawa tunawaona kama ndugu wa siafu na sisimizi, kwa kweli wako karibu zaidi na mende. Hapo utasikia makelele!

Na bibi wa nyumba hiyo asiachwe nje ya somo. Tulipowasalimu, "Shikamoo bibi," na kuketi, ndiye aliyewaambia wajukuu kwamba uyoga mtamu hutoka kwenye kichuguu masika, na kwamba wasichume wowote ambao yeye hajauona. Watoto walidhani ni hadithi ya wazee. Lakini ni kweli: mchwa wengi wajengao vichuguu vikubwa wana bustani ya kuvu chini ya ardhi, wanailisha vipande vya kuni na majani makavu, nao wanaila. Uyoga tunaochuma ni bustani hiyohiyo ikitoa kichwa nje. Bibi hakusoma hayo popote. Alitazama kwa miaka sitini.

Wenye mwembe au mchungwa wawatafute majimoto, wale chungu wekundu wenye hasira wanaoishi kwenye majani yaliyoshonwa pamoja. Uzi wa kushonea hautoki kwao wakubwa. Hutoka kwa watoto wao. Chungu mkubwa humbeba mtoto mdomoni na kumpitisha huku na huku kati ya majani mawili, kama fundi anavyopitisha uzi. Mtoto atasimama pale nusu saa, mradi asiuguse mti.

Kinyonga, bundi na bibi kizee

Sasa tufike penye uzito. Mtoto wa kijijini kwetu, na wa mjini vilevile, haogopi viumbe kwa sababu vimemdhuru. Anaogopa kwa sababu amesikia. Kinyonga, anaambiwa, ana sumu, ni mkosi, apigwe mawe. Ukweli ni kwamba hakuna kinyonga mwenye sumu. Milima yetu ya Tao la Mashariki, Uluguru ikiwemo, ina aina za vinyonga wasiopatikana penginepo duniani, na watoto wetu wanawaua njiani wakitoka mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Tuliwaomba watoto wa jumuiya moja watazame tu, bila kumshika, kwa muda wa kusali makumi mawili ya rozari. Waliona jicho moja likitazama mbele na lingine nyuma. Waliona ulimi ukitoka na nzi akitoweka. Tangu hapo mmoja wao ndiye anayewazuia wenzake.

Bundi ni habari nzito zaidi. Akilia usiku, watu wanangoja msiba. Akitua juu ya paa la bibi kizee anayeishi peke yake, kesho yake minong'ono inaanza. Tuseme wazi: katika nchi yetu, hasa kanda ya ziwa, wako bibi zetu waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama mojawapo iliyotajwa dhidi yao ni macho mekundu, mekundu kwa moshi wa jiko walilopikia wajukuu maisha yao yote. Wanaoshika mapanga walikuwa watoto siku moja. Walifundishwa na mtu kwamba kulisikia jambo likisemwa kunatosha kulijua.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Tomaso na msimamizi wa wanasayansi ya maumbile, ambaye sikukuu yake, tarehe 15 Novemba, kwetu huangukia katikati ya vuli. Enzi zake watu wote, na waandishi wakubwa, walisema mbuni hula chuma na kukisaga tumboni. Alberto alimpa mbuni chuma. Mbuni akakikataa, ingawa alikula mawe. Naye akaandika alichokiona. Ni jambo dogo, karibu la kuchekesha, mtawa msomi akimbembeleza ndege ale chuma. Lakini walimu wetu wa falsafa wanaposema kwamba hakuna kitu akilini ambacho hakikupitia kwanza kwenye milango ya fahamu, maana yake nyumbani ni hiyo.

Tulifanya hivyo na bundi aliyelala juu ya ghala la kigango. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika tonge la manyoya na mifupa. Chini ya boriti yake yalikuwa mengi. Watoto walivaa mifuko ya plastiki mikononi, wakayafungua kwa vijiti na kuhesabu mafuvu kumi na moja ya panya. Katekista, mkulima wa mahindi, alikaa kimya kidogo kisha akasema: "Kumbe huyu ni mlinzi wangu na hajawahi kudai mshahara." Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, anafundisha kwamba viumbe wengine nao wana thamani yao mbele ya Mungu, si kwa faida yetu tu. Huko tutafika. Mtoto anaanza na mafuvu ya panya.

Tuongeze tahadhari moja kwa mafrateri. Msiende kuwakemea wazee kwamba ni washirikina. Yuleyule mzee anayemwogopa bundi anajua ni mdudu gani hutangulia mvua na ni mti gani una maji chini yake. Kazi yetu ni kuwasaidia watoto kutenganisha alichokitazama na alichokisikia, na mara nyingi mzee mwenyewe akiulizwa kwa adabu anatenganisha vizuri kuliko sisi.

Mambo ya joto na unyevu

Kwa ufupi, mambo ya matumizi. Vitabu vinasema mtoto akae nje mchana kutwa. Kwetu toka saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, mkiwa na kofia na maji. Viatu vifunike vidole, na mkono usiingizwe kwenye shimo wala chini ya gogo. Mtoto asiingie kwenye dimbwi au mto unaokwenda polepole, kwa sababu ya kichocho. Achote kwa kopo lenye mpini mrefu. Aonyeshwe upupu na viwavi wenye manyoya kabla ya kuvigusa, si baada.

Majani yaliyobanwa kitabuni kwetu huota ukungu. Yabaneni kwenye magazeti na kubadilisha gazeti kila siku. Wadudu waliokaushwa huliwa na sisimizi usiku mmoja. Ndiyo maana tunapendelea daftari la kuchora: tarehe, saa, hali ya mvua, na kitu kimoja tu kwa siku. Kopo la maziwa lenye kingo zilizonyooka likiwekwa uwanjani, mbali na paa, linatosha kupima mvua. Chovya rula, soma milimita, andika.

Somo moja la maji tunalisisitiza. Chota viluwiluwi vya mbu kwenye ndoo iliyosahauliwa, viweke kwenye chupa ya kioo, funga mdomo wa chupa kwa kipande cha chandarua. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Cha mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini, mkia juu. Mtoto wa miaka saba anaweza kuvitofautisha kwa macho. Siku ya saba au ya nane vikianza kugeuka mbu, mwageni maji juani kwenye mchanga mkavu. Mtoto aliyeona hayo hatahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini baba anafukia madimbwi, wala hatasema ndugu yake alitupiwa homa na jirani.

Na usiku, Kilimia. Jina lenyewe linatokana na kulima, na msomaji wa Biblia ya Kiswahili atalikuta katika sura ya 38 ya kitabu cha Ayubu na sura ya 5 ya Amosi, pale Mungu anapotajwa kuwa ndiye mfanyaji wake. Ni kijifungu cha nyota ndogo zilizosongamana. Mwanzoni mwa mwezi wa nne, jua likishazama na giza kuingia, bado kinaonekana chini chini upande wa magharibi, mawingu ya masika yakiruhusu. Mwezi wa tano kinapotea. Mwishoni mwa Juni, kwenye baridi ya kipupwe, waamsheni watoto saa kumi na moja alfajiri, wajifunike khanga, watazame mashariki, kidogo kuelekea kaskazini. Kila mtoto ahesabu nyota zake bila kuambiwa idadi na mwenzake, aandike. Wengi huona sita, wengine saba, na mwenye macho makali zaidi ya hapo.